Kutoka Kyela hadi Mirembe: haki ya mgonjwa wa akili inapotelea wapi?

Mjadala wa haki za wagonjwa wa akili kwa kawaida huanzia wodini. Watu huuliza kama mgonjwa alifungwa kamba kitandani, kama alichomwa sindano kwa nguvu, kama alifungiwa peke yake, na kama kuna aliyemweleza dawa anayomeza ni ya nini. Maswali hayo ni halali na hayajapitwa na wakati. Lakini kwa mikoa ya Mbeya na Iringa, anayeanzia wodini amekwisha kuchelewa. Mgonjwa wa Kyela, wa Chunya au wa Kilolo anapofika mbele ya mtu aliyesomea afya ya akili, mara nyingi maamuzi mazito juu ya maisha yake yameshapita. Ndugu wameshamfungia ndani, mganga au mchungaji ameshamkalisha kwake wiki kadhaa, mwenyekiti wa kijiji ameshaandika barua, na pengine polisi wameshamlaza mahabusu kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumweka. Katika hao wote hakuna anayejiona anamnyang'anya mtu uhuru. Kila mmoja anajiona anasaidia, na mara nyingi kweli anasaidia, ndiyo maana haki hupotea pasipo mtu wa kulaumiwa. Kwa maoni yangu, mlinzi wa kwanza wa uhuru wa mgonjwa wa akili katika Nyanda za Juu Kusini ni dawa iliyo karibu na kwao, na wa pili ni uamuzi wenye tarehe ya kwisha. Sheria tunayo. Hivyo viwili ndivyo tulivyopungukiwa.

Ramani ya huduma hizi ilichorwa zamani, na waliochora hawakuwa na watu wa kusini akilini. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye ikawa makao ya wagonjwa wa akili. Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927 chini ya Waingereza, na kando yake ikaja Isanga, taasisi ya wagonjwa wanaoletwa na mahakama. Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Kwa mtu wa Mbeya, hospitali ya taifa ya afya ya akili, yaani Mirembe, ni safari ya takriban kilomita 600 kwa barabara, kupitia Makambako, Mafinga, Iringa na Mtera. Aliyeko Iringa mjini ana nafuu, kwake ni kama kilomita 260. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.3 mkoani Mbeya na karibu milioni 1.2 mkoani Iringa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyopo Mbeya na ile ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa huwapokea wagonjwa hawa, lakini madaktari bingwa wa akili kwa nchi nzima wanahesabika kwa makumi, na mzigo wa kila siku wameachiwa wauguzi na maofisa tabibu wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Denmark na Shirika la Afya Duniani, ilijaribu mpango wa kuiingiza afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya, ikianzia Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Lilikosa tu kuendelezwa kwa nguvu ile ile hadi lifike maeneo ya vijijini kama Ipinda au Pawaga.

Umbali huo unakula haki kwa njia ambayo sheria haiioni. Kumsafirisha mgonjwa aliyechafukwa kunahitaji wanaume wawili wa kumshika, nauli za watu watatu kwenda na za wawili kurudi, na kondakta atakayekubali kumpandisha. Akikataa, ni gari la kukodi, na hapo ndipo shamba au ng'ombe huuzwa. Familia isiyo na shamba la kuuza hubaki na kamba, kufuli au mnyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu wenye matatizo ya akili wanavyofungwa minyororo au kufungiwa majumbani katika nchi zipatazo 60, na sababu zilizojirudia ni imani, unyanyapaa na ukosefu wa huduma. Wengi huisoma taarifa ya namna hiyo kama mashtaka dhidi ya mila. Mimi naiona zaidi kama taarifa ya umbali: mnyororo huanza kazi pale gari la wagonjwa linapoishia.

Imani nazo zipo, na hazifai kufichwa. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia wa Marekani Robert Edgerton alichapisha utafiti juu ya namna jamii nne za Afrika Mashariki zinavyouelewa wazimu, na Wahehe wa Iringa walikuwa mojawapo. Wasebei na Wapokoti walizungumzia zaidi mdudu aliye ndani ya ubongo. Wahehe na Wakamba walielekea zaidi kwenye uchawi. Lakini Edgerton huyo huyo, miaka michache baadaye, aliandika juu ya mganga wa Kihehe aliyetibu magonjwa ya akili, akamwonyesha kuwa mtu wa kuchunguza, kujaribu mitishamba na kutazama matokeo. Kwa hiyo mganga wa kienyeji si adui wa kufukuzwa njiani. Ni mlango wa kwanza ambao mgonjwa huupitia, na mlango huo una sheria yake: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza na daftari la usajili wa waganga. Baraza linaloweza kumpa mganga cheti linaweza pia kumwekea sharti kwamba mgonjwa hafungwi kwake, halazwi kwake zaidi ya siku kadhaa pasipo kituo cha afya kuarifiwa, na ndugu zake hawazuiwi kumwona. Nyumba za maombi hazina baraza la namna hiyo, na wachungaji wengine watasema serikali inaingilia ibada. Kumwombea mgonjwa ni ibada. Kumfungia ni jambo jingine, na Katiba yetu, katika ibara ya 15, haimruhusu mtu yeyote kumweka mwenzake kizuizini ila kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria.

Utaratibu wenyewe uko katika Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani tuliyoirithi kwa wakoloni. Inatofautisha anayelazwa kwa hiari na anayelazwa bila hiari, inampa hakimu nafasi ya kutoa amri, na inagusa pia usimamizi wa mali ya mgonjwa. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Udhaifu wake nauona katika mambo ambayo sheria ya aina hii huyachukulia kuwa yapo: daktari wa kumchunguza mgonjwa kwa wakati, hakimu atakayelisikiliza shauri haraka, na mtu wa kumsemea mgonjwa wakati yeye mwenyewe hasemi yakaeleweka. Wilayani Chunya au Mufindi mambo hayo matatu hayakutani kwa urahisi siku moja. Kinachobaki ni barua ya mtendaji na kauli ya ndugu. Zaidi ya hayo sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na ingawa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, haki ambayo mgonjwa na mama yake hawajawahi kuisoma haiwezi kuwasaidia katika dakika ambayo mtu anavutwa kuingizwa garini.

Hali ni nzito zaidi kwa wale wanaopitia mahakama za jinai. Mtuhumiwa wa mauaji hana dhamana, na akionekana hana akili timamu, mahakama humpeleka hospitali ya akili achunguzwe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka taarifa ya daktari ndani ya siku 42 tangu alipopokelewa, lakini saa hiyo huanza kuhesabu akishafika Dodoma; muda anaokaa gerezani akisubiri nafasi na msafara hauhesabiwi popote. Baada ya hapo, mahakama ikiridhika kwamba alitenda tendo lakini maradhi yalikuwa yamemwondolea akili, haimtii hatiani, bali inapeleka shauri kwa Waziri, na mtu huyo anawekwa hospitalini, gerezani au mahali pengine salama. Hapa ndipo penye kioja ambacho sijawahi kusikia kikitetewa kwa hoja ya maana. Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu kanda ya Mbeya kwa kuua bila kukusudia anajua miaka yake, anaihesabu, na ana uwezekano wa kupunguziwa. Aliyeambiwa na mahakama hiyo hiyo kwamba hana hatia kwa sababu ya ugonjwa hajui ni lini atatoka. Kenya walikuwa na utaratibu wa jamii hiyo, mtu akikaa kwa hiari ya Rais, na mwaka 2016 Mahakama Kuu huko Meru ilisema kumweka mgonjwa kizuizini bila kikomo kunakiuka Katiba yao. Hoja hiyo haihitaji kuvuka Namanga kwa kibali. Kifungo kisicho na mwisho kwa mtu asiye na hatia ni dhuluma iwe Meru iwe Isanga, hata kama kila daktari aliye ndani ni mwema.

Polisi wana mlango mwingine, na huu tungeweza kuufunga kesho. Kanuni ya Adhabu bado inaliita kosa jaribio la kujiua. Katika wilaya za kilimo, ambako sumu ya kuulia wadudu huhifadhiwa chini ya kitanda, wazazi wanaomkimbiza binti aliyekunywa sumu hiyo wanafika hospitali wakiwa na hofu mbili: asije akafa, na asije akapona akapelekwa kituoni. Baadhi watamnywesha maziwa nyumbani kwanza. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria yao ni kinyume cha Katiba. Kwetu hakuna anayenufaika na kubaki kwake, labda yule anayetaka kitu cha kuombea rushwa.

Hapa anainuka mtu wa kwanza wa kupinga, na hoja yake ni ya pesa. Anasema: nchi ambayo zahanati zake zinakosa dawa za malaria haiwezi kuanza kuajiri mawakili wa vichaa. Nianze na sheria kabla ya hesabu. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua shauri la Purohit na Moore dhidi ya Gambia, kuhusu sheria ya kikoloni iliyoruhusu wagonjwa wa akili kufungiwa bila njia ya kukata rufaa wala mapitio. Gambia ni maskini kuliko sisi. Tume iliukubali umaskini wa nchi za Afrika waziwazi, kisha ikasema hauiondolei serikali wajibu wa kuchukua hatua thabiti na zenye shabaha kwa kadiri ya uwezo wake, na ikakuta kwamba kumnyima aliyefungiwa nafasi ya kusikilizwa kulikiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Tanzania imefungwa na mkataba ule ule. Ama kwa hesabu, Mbeya na Iringa zina kitu ambacho mikoa mingi haina: kila mmoja wa mikoa hiyo una bohari ya dawa ya kanda ya MSD. Kuna pia mtandao wa kliniki za CTC, za matunzo na tiba kwa wenye virusi vya UKIMWI, uliojengwa kwa sababu UKIMWI uliipiga kanda hii vibaya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Mtandao huo umethibitisha kwamba mkulima wa Rungwe anaweza kupata dawa yake kila mwezi kwa miaka kumi, akikosa siku yake akafuatwa nyumbani, na siri yake ikatunzwa. Sindano ya flufenazini huchomwa mara moja kwa wiki kadhaa. Haloperidoli na klopromazini ni dawa za zamani zisizo na gharama kubwa, sawa na fenobabitoni kwa wenye kifafa, ambao huku kwetu huhudumiwa kliniki moja na wagonjwa wa akili. Ninachodai hapa hakihitaji majengo. Kinahitaji dawa hizo zisikatike, kwa sababu kila mwezi zinapokatika kuna kamba inayotafutwa mahali fulani. Ufadhili wa nje uliobeba sehemu kubwa ya CTC umeyumba, ni kweli. Hiyo ni sababu ya kuiunganisha mifumo hii sasa, kabla ujuzi haujatawanyika.

Wa pili anayepinga ni ndugu, na huyu nampa uzito kuliko wote. Anasema haki za mgonjwa zinaandikwa na watu ambao hawajawahi kulala nyumba moja naye. Nani anazungumzia haki ya mama aliyepigwa, ya mtoto aliyechomewa daftari, ya jirani aliyevunjiwa dirisha? Ni kweli tupu. Na wapo wanaoongeza kwamba kijana alijitakia mwenyewe, kwa bangi na ulanzi, kana kwamba ugonjwa wenye chanzo cha aibu unampunguzia mtu ubinadamu. Hilo la mwisho nalikataa moja kwa moja. Aliyevunjika mguu akiwa amelewa hutiwa plasta kama wengine. La kwanza nalikubali, kisha nauliza: ni nani aliyemwacha mama huyo peke yake na mtu mzima aliyechafukwa? Ulinzi wa mgonjwa na ulinzi wa mama vina adui mmoja, kuchelewa kwa tiba. Familia ikipata msaada siku ya tatu badala ya mwezi wa sita, hakuna anayefikia kushikana mapanga. Walio wengi kati ya wagonjwa wa akili hawamdhuru mtu yeyote, na wengi wao ndio wanaodhuriwa, hasa wanawake wanaotangatanga stendi.

Wa tatu husema mgonjwa hana akili ya kukubali wala kukataa, hivyo kumwomba ridhaa ni mchezo wa kuigiza. Hoja hii inachukua saa mbaya za mtu na kuzifanya kuwa maisha yake yote. Mgonjwa wa sonona ana akili yake. Mwenye skizofrenia akitulia anajua vizuri dawa ipi inamtetemesha mikono na ipi inamlaza hadi mchana, na anajua nani angependa amsemee akichafukwa tena. Kumwuliza wakati ametulia, kuandika jibu lake kwenye faili, na kulifuata atakapochafukwa ni kazi ya dakika chache kliniki. Huko ndiko Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, tulioridhia mwaka 2009, unakotuelekeza: mtu asaidiwe kuamua badala ya kuamuliwa.

Lakini kamati inayousimamia mkataba huo imekwenda mbali zaidi, ikataka kulaza bila hiari kukomeshwe kabisa, na hapo tunaachana kidogo. Katika mkoa wenye timu za kumfikia mtu nyumbani usiku, marufuku hiyo ingekuwa na maana. Katika mkoa usio nazo, ukifunga mlango wa wodi umemrudisha mgonjwa kwenye chumba chenye kufuli, ambako hakuna faili, hakuna muuguzi, wala mkaguzi. Waitaliano, ambao historia yao na misheni ya Tosamaganga mkoani Iringa ni ndefu, wanatupa mfano wa kutafakari. Mwaka 1978 walipitisha sheria iliyotokana na kazi ya daktari Franco Basaglia, wakaanza kuzifunga hospitali za vichaa. Trieste ilifanikiwa kwa sababu ilifungua kwanza vituo vya mtaani vilivyo wazi saa 24. Kwingineko familia zilibebeshwa mzigo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hawakufuta kulaza kwa lazima. Walikuwekea saa. Madaktari wawili wanapendekeza, meya anatia sahihi, hakimu anaarifiwa ndani ya saa 48, na amri inakwisha baada ya siku saba isipohuishwa kwa sababu zilizoandikwa.

Sisi tunaweza kuiiga saa hiyo kwa watu tulio nao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo wilayani. Afisa ustawi wa jamii yupo, hata kama ni mmoja kwa halmashauri nzima. Hakimu hahitaji kusafiri. Simu inatosha kumwuliza muuguzi wa zamu mgonjwa yukoje. Amri ya kumlaza mtu Mbeya ife yenyewe siku ya saba au ya kumi na nne, isipokuwa msaidizi wa kisheria amemwona na hakimu ameridhika upya. Wa Isanga naye awe na siku yake ya mapitio mbele ya jaji, si kwenye faili linalosubiri ofisini, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iingie huko na katika wodi za mikoani bila kubisha hodi siku tatu kabla. Kuna watakaosema mahakimu wana mashauri mengi. Wanayo. Lakini mgonjwa wa akili aliyelazwa bila hiari ni mtu aliyenyimwa uhuru ingawa hakuna anayemtuhumu kwa kosa lolote. Kama kuna foleni, huyu ana sababu ya kuwa mbele.

Linabaki jambo ambalo saa haiwezi kulitatua. Uongozi wa Mirembe umewahi kulalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba wapo waliopona na hakuna anayekuja kuwachukua. Wengine ndugu wametoa majina ya vijiji visivyo vya kweli. Wengine waliua mtu wa ukoo wao wenyewe, na kaburi liko uani. Hakuna amri ya jaji inayoweza kuifanya familia hiyo ifungue mlango, na sidhani kama inapaswa. Tanzania iliwahi kuwa na jibu lake kwa watu kama hawa: vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti huko Dar es Salaam, ambako mgonjwa aliyetulia aliishi, akalima, na aghalabu ndugu waliweza kukaa naye. Vilikuwa na kasoro zao, mojawapo ikiwa hatari ya mtu kusahauliwa huko kama alivyosahauliwa wodini. Hata hivyo nyumba nne za kawaida pembezoni mwa Mafinga, na nyingine nne Uyole, zenye muuguzi anayepita kila wiki na bustani ya viazi, zisingegharimu kama kumlisha mtu mzima aliyepona kitandani Dodoma kwa miaka ishirini. Halmashauri zinazotenga viwanja vya stendi na masoko zinaweza kutenga na hivyo. Ni lazima pia zikubaliane na majirani, na mazungumzo hayo yatakuwa magumu kuliko bajeti.